Kijiji Nilichokifuta kwa Penseli

Habari ya kifo cha Sifa ilinikuta Ngungu, siku ya soko, nikiwa nimeshika kabichi mkononi na kubishana bei yake. Aliyepiga simu alikuwa mtoto wake mkubwa, kijana ambaye sijawahi kumwona. Alisema, “Papa Faustin, mama ametuacha. Namba yako nilikuta katika kitabu yake.” Kwa mazoea yangu nilimuuliza maswali matatu: alikufa siku gani, kwa ugonjwa gani, amezikwa wapi. Alijibu kwa upole: wiki tatu zimepita, ni figo, amezikwa kwao, upande wa Walikale, mwendo wa saa saba kwa miguu kutoka Kalembe. Kisha akanishukuru, mimi, kwa sababu mama yake alimwambia kwamba zamani tulifanya kazi pamoja vizuri. Nilirudisha kabichi mahali pake nikaondoka sokoni bila kununua kitu. Kuna jambo ambalo tulikuwa wawili tu kulijua kwa ukamilifu, yeye na mimi, na kutokana na namna kijana yule alivyoniita Papa nilielewa kwamba Sifa hakulisema kwa mtu yeyote mpaka anakufa. Nilikuwa nimedhani kwamba siku nikibaki peke yangu na jambo hilo nitapumua. Sikupumua. Ndiyo maana ninaliandika sasa, kwa mpangilio, jinsi nilivyofundishwa mwaka ule ule nilipolitenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Bunge lilikuwa jipya, na kule Kinshasa maktaba ya taifa ilikuwa na ofisi ndogo ya kuwatafutia wabunge majibu. Mbunge anauliza jambo: sheria fulani ya misitu ilibadilishwa lini, shule za wilaya fulani ni ngapi, mto fulani unapita ardhi ya nani. Wafanyakazi wa maktaba wanatafuta katika vitabu, magazeti na madaftari, kisha wanaandika noti ya kurasa chache. Noti haitoi ushauri wala maoni. Kila neno lake lina karatasi nyuma yake. Mwandishi wake hajui mbunge gani ameuliza, ili asije akampikia anachopenda. Lakini karatasi za kwetu, za Masisi na Walikale, hazikuwa Kinshasa. Zilikuwa zimetawanyika katika masanduku ya shule, ya zahanati na ya machifu, nyingine zimeliwa na panya. Kwa hiyo maktaba ilikodi nyumba ya mbao pale Kalembe, mpakani mwa sehemu hizo mbili, kwa mwaka mmoja, na kuajiri watu wawili wa kumsaidia mkutubi aliyetumwa kutoka mji mkuu. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari. Waliniajiri kwa sababu nilijua kupiga mashine ya kuandika na kwa sababu, nilipoachwa peke yangu na rundo la karatasi siku ya majaribio, nilizipanga kwa mwaka na kwa mahali bila mtu kuniambia.

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja kikubwa, meza mbili, madirisha mawili yasiyo na vioo. Kadi zetu tuliziweka katika masanduku ya viatu. Unyevu wa pale ulikuwa adui wa kazi: vibanio vya chuma viliota kutu ndani ya wiki mbili na kuacha alama kwenye karatasi, na madaftari ya zahanati yalifika yamegandamana kama mikate iliyolala. Katikati ya chumba tuliweka mbabula yenye makaa machache, na kazi ya Sifa ya asubuhi ilikuwa kukaa kwenye kiti kifupi na kugeuza kurasa moja moja juu ya joto mpaka ziachane. Alikuwa na subira ambayo sijaiona tena kwa mtu. Alitoka kwenye vijiji vya msituni, alijua Kinyanga, lugha ya huko, na mchana alikwenda kuwasikiliza wazee na kuandika maneno yao katika daftari, kwa sababu Papa Donatien alihesabu ushahidi wa mdomo kuwa sawa na karatasi ikiwa umeandikwa siku ile ile. Papa Donatien ndiye aliyekuwa mkutubi wetu. Alikaribia miaka sitini, alivaa kofia ya sufu kutwa nzima kwa ajili ya baridi yetu, na Kiswahili chake kilikuwa na Lingala mkiani. “Siye tunapika tu,” alikuwa akisema. “Kukula ni kazi ya badepite. Na mupishi anaweka huruma yake ndani ya chungu? Te.” Badepite ni wabunge, na te, kwa Lingala, ni hapana. Alitufundisha kanuni mbili ambazo nimeziishi mpaka leo. Ya kwanza: jina au tarehe isiyo na ushahidi mara mbili, inafutwa. Ya pili: mtu hawi shahidi wa kwao. Swali likigusa kijiji chako, unanyamaza na mwenzako anafanya.

Adhuhuri tulikula pamoja. Mimi nilileta mashanza, maziwa ya mgando, kutoka kwa wafugaji waliopita, Papa Donatien alinunua makayabu yake, samaki wa chumvi, na kulalamika kwamba chumvi ya huku si chumvi, na siku za soko mdogo wa Sifa, aliyeitwa Mapendo, alifika kutoka kijijini na kikapu mgongoni, akatuletea lituma, ndizi zilizopondwa, ndani ya majani. Mapendo alikuwa mwepesi wa mdomo. Alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia, pale pale kijijini kwao, na mwaka ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikaa mlangoni, miguu nje, akitutazama tunavyoandika. “Kaka Faustin,” aliniambia siku moja, “wewe unaandika tangu asubuhi. Hao badepite banajua kusoma?” Papa Donatien alicheka mpaka akavua kofia. Upande wa pili wa ukuta wa mbao walikaa wanawake waliotengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na kwa kuwa mbao zile zilikuwa na nafasi, tulisikia kila neno lao nao walisikia letu. Walituita watu wa karatasi. Walijua kabla yangu kwamba ninamtazama Sifa. “Ule muchungaji wa Muheto,” mmoja alisema kwa sauti iliyokusudiwa kunifikia, kwa kuwa kwetu ni Muheto, kwa wafugaji wa Masisi, “atashusha mang'ombe mupaka huku porini? Zitakufa na mbung'o.” Mwingine akajibu, “Acha zikufe. Sifa atakula nyama.” Sifa hakuinua macho kutoka kwenye mbabula, lakini niliona bega lake likitikisika kwa kicheko. Usiku ule nilifikiri kwa mara ya kwanza jinsi ya kumwambia mzee wangu kuhusu ng'ombe wa mahari na msitu.

Mwezi wa sita wa kazi Sifa aliitwa kwao ghafla. Baba yake alikuwa amefariki. Alirudi baada ya siku kumi, kichwa kimenyolewa, na miezi ile yote akaendelea kukinyoa; tukachanga kidogo, na wanawake wa kasiksi wakamletea unga. Mimi nilimpa pole na nikaendelea kumwita marehemu kama nilivyomjua, yaani Papa Sifa, kwa kuwa kwetu huwezi kumwita mzee wa mtu kwa jina lake, na sikuwa nimewahi kuuliza jina hilo. Hata kijiji chao nilikijua tu kama “kwetu”, neno alilolitumia yeye akielekeza kidevu upande wa magharibi. Leo ninaona ajabu kwamba mtu niliyekula naye mwaka mzima, ambaye nilitaka kumwoa, niliweza kumjua bila jina la baba yake na bila jina la kijiji chake, huku nikijua kwa kichwa namba ya kila sanduku la viatu. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miezi miwili baada ya msiba lilifika swali kutoka Kinshasa, limeandikwa kwenye karatasi yenye namba na bila jina la muulizaji, kama kawaida. Tume moja ya wabunge ilitaka kujua vijiji vilivyoko mpakani kati ya Masisi na Walikale ambavyo wanawake wake hawana mahali pa karibu pa kuzalia, na kila kimoja kiko upande gani. Tuliambiwa kwamba orodha hiyo ingewekwa mwishoni mwa mpango wa kupeleka wakunga na vifaa, na kwamba kijiji kisichokuwa katika orodha hakitapata. Papa Donatien alitusomea swali mara mbili. Sifa alisikiliza, kisha akasema kwa utulivu, “Papa, hii inagusa kwetu.” Papa Donatien akamjibu, “Basi wewe utakausha karatasi na utanyamaza. Faustin atafanya orodha.” Akakubali kwa kichwa. Niliona jambo hilo ni sahihi. Hata leo ninaamini kanuni yenyewe ilikuwa sahihi, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sina kanuni ya kuilaumu.

Nilifanya kazi wiki tano. Nilikuwa na ramani ya zamani ya wakati wa Wabelgiji, daftari la chanjo la zahanati, na barua ambazo vijiji viliandika kuomba maternite, yaani nyumba ya kuzalia. Kila jina nililiandikia kadi, na kila ushahidi niliuandika chini yake. Vijiji vya Masisi havikunisumbua. Kwetu kilima kina jina lake, na jina hilo linabaki hata wote wanaokaa juu yake wakifa. Upande wa msitu nilibaki na kadi kadhaa zenye ushahidi mmoja mmoja tu, na tatu kati yake zilikuwa hizi: Kwa Misabo, iliyo kwenye ramani na si kwingine, Kwa Lukeka, iliyo katika daftari la chanjo na si kwingine, Kwa Bulere, iliyotoka kwenye barua mpya, iliyoandikwa kwa wino wa bluu, ikisema kwamba wanawake wao hutembea saa saba na wengine huzalia njiani. Barua ile niliisoma mara mbili. Lakini barua ni ushahidi mmoja. Nikaamua kuuliza, si juu ya kwao, nilijiambia, bali juu ya msitu kwa jumla.

“Sifa,” nikasema, “Kwa Lukeka, unapajua?”

Alikuwa ameinama juu ya mbabula. Mkono wake ulisimama na ukurasa.

“Usiniulize ile, kaka Faustin.”

“Nataka tu kujua iko ao haiko. Sema ndiyo ao hapana.”

Aliweka ukurasa chini, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Kupitia mbao nikawasikia wanawake wa kasiksi wakimuuliza, “Muchungaji amekutukana?” naye akajibu, “Hapana. Ni moshi.” Mimi nilibaki na kadi mbele yangu. Mtu mwingine angemfuata nje. Mimi nilichukua penseli. Na sikuandika kwamba hakujibu, ambao ndio ungekuwa ukweli. Niliandika: “Sifa aliulizwa. Hakujua.” Kisha nikapiga mstari juu ya kadi hiyo, na juu ya zile mbili nyingine, nikazitia katika sanduku la majina yaliyofutwa.

Sifa alipewa ruhusa ya kwenda kwao kwa ajili ya kuondoa matanga ya baba yake. Alipokuwa huko nilipiga orodha kwa mashine, nakala tatu, bila kosa hata moja la herufi. Papa Donatien aliisoma, akanisifu mbele ya wanawake wa kasiksi, akaitia katika bahasha, na mwendesha pikipiki akaipeleka Goma ikapande ndege. Niliuona mwaka ule wote kuwa umefikia kilele chake pale. Kwa mtoto aliyeacha shule, wabunge wa nchi nzima walikuwa wanakwenda kusoma kazi yangu.

Sifa alirudi siku ya nne baada ya bahasha kuondoka. Nywele zilikuwa zimeanza kuota na alivaa kitenge kipya cha njano. Alisalimu, akaona nakala yetu mezani, akaisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka polepole. Alipofika mwisho akaanza tena juu.

“Siye tuko wapi?” akauliza.

“Nani?”

“Kwetu.”

“Nionyeshe jina,” nikamwambia, nikiwa bado na furaha yangu. Alikwenda kwenye masanduku bila kuuliza ni lipi, akachagua kadi tatu, akazipanga kwenye meza yangu moja kando ya nyingine.

“Hii njo babu,” alisema. “Hii njo papa. Hii njo papa mudogo, njo yeye iko kapita sasa, mukubwa wa kijiji. Kwetu kijiji inaitwa jina ya kapita mwenye iko muzima. Akikufa, inaitwa ya mwenye kumufuata. Iko kijiji moja, kaka Faustin.” Kisha akasema, “Sasa naweza kutamka. Lukeka. Papa yangu ni Lukeka.”

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Nilimuuliza kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alinijibu bila kuinua sauti. “Mutoto hatamke jina ya papa yake mbele ya kuondoa matanga. Uliniuliza nywele yangu haiyaota. Na Papa Donatien alisema ninyamaze. Nikasema haina shida, karatasi itasema. Karatasi ilikuwa tatu.” Halafu aligeuza kadi ya katikati na kusoma maneno yangu ya penseli. Alisoma mara moja tu. “Sikujua?” akauliza.

Papa Donatien aliposikia alivua kofia na kukaa. Hakunigombeza. Alipanda kilimani mahali penye mtandao akapiga simu Kinshasa, akarudi jioni na matope hadi magotini. Noti ilikuwa imeshafika, tume ilikuwa imeshakaa, orodha imeshapita. “Imepikwa, imekuliwa,” alisema. Aliandika barua ya masahihisho kwa mkono wake mwenyewe, mimi nikaipiga kwa mashine, na Kinshasa wakajibu kwamba itaangaliwa mwaka unaofuata. Kabla mvua kubwa hazijarudi, vijiji kadhaa vya orodha vilikuwa vimepata wakunga. Kimojawapo kilikuwa karibu na Kalembe kuliko kwao Sifa, na kilimpata mkunga wake kwa sababu mimi nilikuwa nimethibitisha jina lake mara mbili. Sifa aliendelea kuja kazini. Aligeuza kurasa zake. Tulipokula alikaa upande wa Papa Donatien.

Mapendo alipitishwa mbele ya ofisi yetu asubuhi moja, kama saa nne, juu ya kipoyi, yaani machela, kilichobebwa na wanaume wanane. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi yake. Walikuwa wamechelewa kwenye mto uliojaa, na alikata roho kabla hawajaona paa za Kalembe, na mtoto ndani. Walifika mpaka mlangoni petu kwa sababu Sifa alikuwa pale, si kwa sababu nyingine. Sifa alifunua kitambaa, akakirudisha, akaingia ndani kuchukua kikapu chake, akageuka nao kurudi msituni. Nimejiuliza mara nyingi, kwa kalamu na karatasi, kama mkunga angefika kwao kabla ya siku ile iwapo kijiji kingekuwa katika orodha. Vijiji vingine vya orodha vilisubiri miaka. Vingine havikupata kamwe. Siwezi kuthibitisha kwamba angefika, na siwezi kuthibitisha kwamba asingefika. Kwa kanuni yangu mwenyewe jibu linapaswa kufutwa, lakini hili halifutiki.

Papa Donatien na mimi tulikwenda kesho yake kwa miguu. Sikuwa nimewahi kuona kijiji kile. Kilikuwa na nyumba kama arobaini, migomba nyuma, na njia iliyofagiwa vizuri. Baada ya maziko mzee mfupi mwenye koti la kijivu alinijia, akanishika mkono na kuubakiza ndani ya wake. Alikuwa kapita Bulere.

“Bananiambia wewe njo unaandikia badepite majina ya vijiji,” alisema.

“Ndiyo, papa.”

“Siye tuliandika barua. Ilifika?”

“Ilifika.”

“Uliisoma?”

“Niliisoma mara mbili, papa.”

“Basi, iko vizuri. Mapendo hakungoja, lakini benzake batapata. Aksanti, mwanangu.” Akageuka na kuwaita watu wa nyumbani, akaletwa kuku mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Sifa alikuwa amesimama nyuma yake, hatua mbili. Nilimtazama. Nilikuwa tayari kusema mbele ya wote, au nilidhani niko tayari. Yeye alitikisa kichwa kidogo sana.

“Pokea,” alisema. “Kwetu muntu hakatalake kuku ya kapita.”

Kijiji kiliingia katika orodha miaka miwili baadaye kwa jina la Kwa Bulere, kwa masahihisho ya Papa Donatien, na mkunga akaja. Sifa alibaki kuishi kule, hakurudi ofisini hata kuchukua mshahara wake wa mwisho, na mimi sikushusha ng'ombe wowote. Lakini siku ile sikujua lolote kati ya haya. Nilimpokea kuku kwa mikono yote miwili, kama tulivyolelewa kupokea cha mkubwa, nikasema aksanti papa. Na Sifa aliponyoosha mkono wake kuniaga, mikono yangu ilikuwa imejaa.